Chumba cha vioo kinageuka tanuri kila kiangazi, wakuu nifanyeje?

Bibi Mwangaza (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Tuna chumba cha vioo kilichoshikizwa nyuma ya nyumba: paa la vioo, kuta tatu za vioo, sakafu ya vigae. Miezi ya baridi ndicho chumba tunachogombania. Kiangazi kikiingia, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lizame hakuna anayekanyaga humo. Jana saa nane mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 43, na nje kivulini ilikuwa 29. Mishumaa iliyokuwa juu ya kabati imeinama yote upande mmoja.

Mume wangu anataka kiyoyozi. Mimi nasema tuanze na mapazia mazito ya ndani. Hatuelewani, nimewaletea kesi.

Mpita Njia

Naweka kambi hapa.

Pangaboi

Dada, msikilize shemeji. Funga kiyoyozi, mambo yaishe. Mapazia ni urembo tu.

Fundi Vioo

Heshima kwenu. Vioo na alumini ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha kidogo.

Mleta mada, wewe na mzee wote mmeanzia mwisho. Kwanza jueni ni joto kiasi gani linaingia. Anga likiwa safi, jua la mchana huleta karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba inayolitazama uso kwa uso. Kioo cheupe cha tabaka moja hupitisha kama asilimia 85 ya hizo. Cha tabaka mbili kisichopakwa chochote hupitisha kama asilimia 75. Sasa tuseme paa lako ni mita za mraba 12 na kwa jinsi lilivyoinama linapokea wati 800 kwa kila mita. Hapo zinaingia zaidi ya kilowati 7, kuta bado sijazigusa. Ni kama umewasha pasi saba humo ndani kisha ukafunga mlango.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) ambacho wengi hununua kwa ajili ya sebule huondoa kilowati 3.5. Kitanguruma mchana kutwa, bili itapanda, na chumba kitabaki na joto lake. Kile cha magurudumu chenye bomba moja la kutolea joto dirishani ndicho kibaya zaidi kwa chumba kama hiki, maana hewa kinayoisukuma nje kimeitoa humo humo chumbani. Pengo lake linajazwa na hewa ya moto kutoka nje, inayopenya kila upenyo wa fremu.

Mapazia ya ndani nayo yana shida yake. Leo mchana shika pazia lolote lililopigwa na jua nyuma ya kioo. Utakuta lina moto. Jua limeshapita kwenye kioo, limeishia kwenye kitambaa, na kitambaa kinapasha hewa ya chumbani. Pazia la ndani linaweza kukupunguzia sehemu ya joto kama mgongo wake unaotazama kioo ni mweupe au wa kung'aa, kwa sababu baadhi ya mwanga hurudi ulikotoka. La rangi nzito litakupa kivuli cha macho tu, joto liko pale pale.

Kitambaa hicho hicho kikiwa upande wa nje, habari inabadilika kabisa. Kinapata moto, ndiyo, lakini upepo unaondoka na moto huo kabla haujafika kwako. Kivuli kizuri cha nje huacha kama robo tu ya joto la jua lipenye, na vile vyenye mabamba yanayofunga kabisa huacha pungufu hata ya hapo.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja: jua lizuiwe likiwa bado nje, hewa ya moto itolewe kwa juu, na ndipo tuongee habari za feni na viyoyozi.

Mpita Njia

Pasi saba 😂😂 Hapo kwenye pasi nimeelewa kila kitu.

Pangaboi

Fundi, nakuheshimu, ila hapo kwenye kutoa hewa sikubaliani na wewe. Shuleni tulifundishwa kwamba kioo huruhusu mwanga kuingia, kisha vitu vya ndani vinatoa mionzi ya joto ambayo kioo hakiipitishi. Joto limenaswa. Sasa kufungua kidirisha kutasaidia nini?

Fundi Vioo

Mkuu, ulichofundishwa ni kweli, ila hujamaliziwa. Kioo kweli hakipitishi mionzi mirefu ya joto inayotoka kwenye kiti na vigae. Swali ni je, hilo ndilo linalofanya chumba kiwe cha moto kiasi hicho?

Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alilijaribu. Alichukua visanduku viwili vyeusi, kimoja akakifunika kwa kioo, kingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo hupitisha mionzi ya joto bila kinyongo. Kama kunaswa kwa mionzi ndiyo sababu kubwa, kisanduku cha chumvi kingebaki baridi. Akalipitisha jua kwanza kwenye kioo ili vyote viwili vipate mwanga wa aina moja. Vikafika karibu nyuzi 55, na tofauti kati yao haikutimia hata nyuzi moja.

Kilichokuwa sawa kwa visanduku vyote viwili ni kwamba hewa iliyopashwa moto haikuwa na pa kutokea. Hali ya chumba cha dada ni hiyo hiyo. Na ni habari njema kwake, maana tabia ya kioo huwezi kuibadilisha kwa bisibisi, lakini pa kutokea hewa unaweza kupatengeneza.

Pangaboi

Haya, hiyo sikuijua. Kiyoyozi bado sijakiacha lakini.

Mkulima wa Ndani

Mimi nimetokea kwenye vitalu nyumba, na huko hii vita ni ya kila siku. Naongezea hapo kwenye hewa.

Hewa ya moto hupanda. Ukimpa njia juu bila kumpa njia chini, anatoka kidogo kisha anakwama, kwa sababu hakuna anayekuja kushika nafasi yake. Unahitaji tundu juu kabisa ya paa, karibu na ukuta wa nyumba, na tundu la chini upande wenye kivuli, karibu na sakafu. Kadiri matundu hayo yanavyopishana kwa kimo, ndivyo mkondo unavyopata nguvu. Madirisha mawili ya kimo kimoja yanategemea upepo tu, na siku ya joto kali mara nyingi upepo haupo.

Kwa ukubwa: Royal Horticultural Society ya Uingereza huwaambia wenye vitalu nyumba kwamba matundu ya paa yafikie asilimia 15 hadi 20 ya eneo la sakafu, ili hewa yote ibadilike kila baada ya dakika mbili hivi. Pima sakafu yako, halafu tazama hicho kidirisha kimoja cha paa ulichonacho. Wengi wakipiga hesabu hii wanacheka kwa uchungu.

Kuna kifaa kidogo ambacho watu wa nyumba hawakijui na sisi hatuishi bila hicho: mkono wa kufungulia dirisha wenye silinda ya nta ndani. Joto likipanda nta inatanuka, inasukuma fimbo, dirisha linafunguka. Jioni nta inasinyaa, dirisha linajifunga. Hakina waya wala betri. Faida yake kubwa ni asubuhi mapema wakati mmelala au mmeshatoka kwenda kazini. Ukikisubiri chumba mpaka kifike nyuzi 40 ndipo ufungue, vigae na kuta vimeshajaza joto, na vitakurudishia mpaka usiku.

Ukitaka kujua hewa inakwenda wapi, kata utepe wa karatasi laini ya chooni, ubandike juu ya tundu la paa na mwingine kwenye tundu la chini. Wa juu unatakiwa uvutwe kwenda nje, wa chini uvutwe kuingia ndani. Ukiona wa juu umeninginia tu, huna mkondo, hata kama dirisha liko wazi kabisa.

Bibi Mwangaza

Asanteni sana. Nimekwenda kuhakikisha sasa hivi. Nina kidirisha kimoja cha paa, cha kuzungusha kwa fimbo, na milango miwili inayofunguka bustanini. Utepe wa juu haukutikisika kabisa nikiwa nimefunga milango. Nilipofungua mlango mmoja ukaanza kucheza. Kwa hiyo tundu la chini ni lazima.

Swali: kipimajoto changu kipo ukutani, jua linakifikia. Hiyo 43 ni ya kweli?

Fundi Vioo

Hapo kinapima jua lililokipiga, hewa siyo. Kiweke kivulini, kimo cha mtu aliyeketi, kisiguse ukuta wala kioo. Pengine utasoma pungufu, na ukikiinua mpaka chini ya paa utasoma zaidi. Tofauti ya juu na chini ikiwa kubwa, ujue hewa imekaa tabaka na inangoja tundu.

Mtaa wa Nyuma

Mbona hakuna aliyezungumzia tinti? Mimi niliweka kwenye paa langu, nyeusi kabisa, kwa ndani. Wiki chache baadaye vioo viwili vikapasuka vyenyewe. Duka lililobandika linasema ni kosa la aliyejenga, aliyejenga anasema ni tinti.

Fundi Vioo

Pole sana mkuu. Angalia ufa unaanzia wapi. Kama umeanzia ukingoni mwa kioo, ukatoka hapo umesimama wima kwa ukingo kisha ukaanza kupinda katikati, huo ni ufa wa joto. Kilichopigwa na jiwe kina kitovu, nyufa zinatawanyika kutoka hapo.

Tinti nyeusi kazi yake ni kumeza jua. Ikiwa ndani ya kioo cha tabaka mbili, kioo cha ndani kinakuwa cha moto katikati, huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu umebaki baridi. Kioo cha kawaida kinavumilia tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu na sehemu. Kilichopitishwa tanuri ya kukomaza kinavumilia nyuzi 200 na zaidi. Kwa hiyo kabla ya tinti uliza vitu viwili: kioo changu ni cha aina gani, na aliyekitengeneza anaruhusu? Dhamana nyingi hufa siku ile ile tinti inapobandikwa. Kwa paa la tabaka mbili, ya kung'aa inayobandikwa kwa nje ndiyo salama zaidi, ingawa mvua na jua huichakaza mapema kuliko ya ndani.

Na usisahau kwamba tinti haina likizo. Miezi ya baridi utalilia jua lile lile ulilolifukuza.

Bibi Mwangaza

Tinti nimeifuta kwenye orodha. Sasa hicho kivuli cha nje ni kitu gani hasa? Nina paa lililoinama, siwezi kutundika pazia hewani.

Mkulima wa Ndani

Neti ya kivuli, ile ya shambani. Chukua ya kuzuia asilimia 50 hadi 70. Zaidi ya hapo nyumba iliyopakana na chumba inaingia giza na utaanza kuwasha taa mchana. Tandaza waya za chuma kutoka ukuta wa nyumba mpaka upande wa chini wa paa, neti ipite juu yake kwa vikulabu, uweze kuivuta na kuikunja.

Kitu ambacho watu hukosea ni kuilaza juu ya kioo. Inatakiwa iinuke, acha nafasi ya kupitisha ngumi na zaidi, ili hewa ipite katikati. Ikigusa kioo inakipasha moto moja kwa moja, na inakuzuia kufungua dirisha la paa. Kona zake zifungwe kwa kitu kinachofunguka haraka, maana dhoruba ikiikuta imetanda inageuka tanga.

Wengine hupaka chokaa au rangi nyeupe ya vitalu nyumba juu ya paa kwa nje mwanzoni mwa kiangazi, kisha wanaisugua msimu ukiisha. Ni rahisi na inafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba siku ya mawingu imo tu, na mwonekano... utazoea. Hakikisheni ni rangi inayokubalika na kioo au plastiki yenu, kwa sababu paa za polikaboneti huharibiwa na baadhi ya kemikali.

Na tafadhali, asipande mtu juu ya kioo. Mti mrefu wenye brashi, au ngazi yenye ubao uliokaa kwenye kuta.

Msomaji wa Zamani

Mambo haya ni ya kale kuliko tunavyodhani. Palm House, jumba la vioo la mitende la bustani za Kew, London, iliyokamilika mwaka 1848, mwanzoni iliwekewa vioo vya rangi ya kijani vilivyotiwa oksidi ya shaba, wakihofia jua lisichome mitende. Miaka mitatu baadaye, 1851, Joseph Paxton alipojenga jumba la vioo la Crystal Palace kwa maonyesho makubwa, alitia kwenye kuta luva, yaani mabamba ya kupitishia hewa, na paa likatandazwa turubai kwa nje. Kwa nje! Huyu alikuwa mtunza bustani kabla ya kuwa mjenzi, alijua.

Mpita Njia

Kumbe fundi na marehemu Paxton ni chama kimoja.

Pangaboi

Na feni je? Jina langu lisije likapotea bure kwenye uzi huu.

Fundi Vioo

Feni ya dari ni nzuri, mradi ujue inachofanya. Haipunguzi joto la chumba hata nyuzi moja, inakausha jasho lako na wewe ndiye unayepoa. Hewa ikikaribia nyuzi 35, ambayo ndiyo hali ya ngozi yako, msaada wake unapungua sana. Ukitoka chumbani izime, inapepea viti. Ila ukiwa na feni ya kutoa hewa, ile ya kufunga kwenye tundu la juu, hiyo ni hadithi nyingine. Hiyo inafaa pale paa lisipokubali dirisha lingine.

Baba Paka

Kumwagia maji sakafuni je? Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo barazani na palikuwa panapoa.

Mkulima wa Ndani

Alikuwa sahihi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke humeza karibu kilowati-saa 0.7 za joto, siyo kitu kidogo. Vitalu nyumba hufanya hivyo siku za joto kali, tunalowesha njia asubuhi na tena mchana. Sharti ni hewa iwe kavu na matundu yawe wazi. Pale ambapo hewa tayari ina unyevu mwingi, maji hayakauki, unabaki na chumba cha moto kilicholowa na ukungu kwenye mito ya viti. Kwa chumba chenye makochi na zulia mimi nisingefanya mazoea.

Mimea nayo inatoa mvuke, lakini vyungu vinne haviwezi kushindana na kilowati 7. Kinachosaidia zaidi ni mmea unaotambaa kwa nje juu ya waya, wa aina inayopukutisha majani, mzabibu kwa mfano. Kiangazi unakupa kivuli, baridi ikija unakuachia jua. Utausubiri misimu kadhaa na majani utayazoa wewe.

Baba Paka

Asante. Na kwa wenye wanyama: mlango wa ndani uachwe namna ambayo paka au mbwa anaweza kujitoa. Chumba hicho mchana hakina tofauti na gari lililofungwa. Pia ondoeni mitungi ya kioo yenye maji, tufe za kioo na vioo vya kujipodolea vilivyobonyea. Hukusanya jua mahali pamoja na kuwasha kitambaa. Watu hucheka mpaka waone shimo jeusi kwenye kiti.

Bibi Mwangaza

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Tumefunga neti juu ya waya kama mlivyosema, na fundi ameongeza dirisha la pili la paa lenye mkono wa nta. Mlango wa kuingia nyumbani tunaufunga mchana, ule wa bustanini upande wa kivuli unabaki wazi kwa kizuizi. Jana nje ilikuwa 30, ndani 33, kipimajoto kikiwa kivulini. Tumekula chakula cha mchana humo.

Mume wangu amekubali kuhusu kiyoyozi, ila anasema jioni bado panachoma upande wa magharibi. Na kweli, kuanzia saa kumi jua linaingia ubavuni, neti ya paa haina habari nalo. Tuweke kibaraza cha turubai?

Fundi Vioo

Hongereni. Tofauti ya nyuzi tatu kwa chumba cha vioo ni nzuri mno, usitegemee kuiondoa yote.

Kibaraza cha mlalo hapana, fedha yako itapotea. Kibaraza kinafaa jua likiwa juu. La jioni liko chini, linapita chini ya turubai na kukuangalia usoni. Kwa magharibi unahitaji kitu kinachoshuka wima: neti ya kuviringisha iliyofungwa nje ya ukuta, yenye reli za pembeni ili upepo usiipigepige, au luva za kusimama. Ishusheni saa tisa, kabla jua halijafika kwenye kioo.

Pangaboi

Nimesoma mpaka mwisho, nimebadili msimamo. Ila kwa aliyeshamaliza kivuli na hewa, kiyoyozi kidogo kinaruhusiwa?

Fundi Vioo

Kinaruhusiwa mkuu. Ukishakata joto kutoka kilowati 7 hadi 2, kile cha BTU 12,000 kinatosha na kinapumzika. Kiwe cha kugawanyika, sehemu moja ndani na nyingine nje, na mashine ya nje ikae kivulini. Na ukikiwasha, funga matundu yote, pamoja na dirisha la nta. Hilo litakushinda, maana litajifungua lenyewe likiona joto. Lina pini pembeni, ichomoe kwanza.

Bibi Mwangaza

Neti ya magharibi nimeagiza, ya reli. Mto wa kochi uliopauka kwa jua utarudi rangi?

Mkulima wa Ndani

Hautarudi dada. Ugeuze.